Kwa nini mito ya Kilimanjaro na ya Uluguru haifanani

Swali: Nimezaliwa Kibosho, kwenye Kilimanjaro, na huu ni mwaka wa nne nafundisha Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Kwetu mto uko chini kabisa ya korongo, unaushukia mpaka magoti yanatetemeka. Mawe yake ni meusi, mengine yana matundu kama mkate. Kiangazi vijito vingi vya juu hukauka, lakini huku chini, kando ya Moshi, chemchemi hububujika mwaka mzima. Hapa Mgeta mambo ni kinyume: kila ukipinda kona unakuta kijito, mawe ni makubwa ya mviringo yenye michirizi myeupe na myeusi, na mchanga unang'aa. Mvua ya kote inatoka Bahari ya Hindi. Kwa nini mito haifanani? Na theluji ya Kibo ikiisha, mito ya kwetu itakauka?

Jibu: Mwalimu, umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la kwanza kwa sababu la pili halijibiki vizuri bila hilo. Macho yako yameona sawasawa. Yote uliyoyataja, kina cha korongo, rangi ya mawe, matundu, michirizi, mchanga unaong'aa, hata mahali maji yanapochomoza, yana mzizi mmoja: namna kila mlima ulivyozaliwa. Kilimanjaro ulijengwa kwa kumwagiwa, tabaka juu ya tabaka, na ujenzi wenyewe ni wa juzi. Milima ya Uluguru haikujengwa juu ya ardhi. Miamba yake ilipikwa chini sana, ikakaa huko muda mrefu kupita kiasi, kisha ikanyanyuliwa. Maji yakikutana na mlima wa kumwagiwa yana njia zake, na yakikutana na mlima wa kunyanyuliwa yana njia nyingine.

Tuanze na kwenu. Volkano ya Shira ilianza kulipuka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Mawenzi ikafuata, kisha Kibo, iliyopanda hadi kilele cha mita 5,895 tunachokijua leo, na ambayo ilikuwa bado inamwaga lava nyingi yapata miaka 150,000 iliyopita. Kwetu sisi wa jiolojia hiyo ni jana jioni. Sasa fikiria lava inavyoteremka. Sehemu ya juu na ya chini hupoa upesi, hukatikakatika na kubaki kifusi. Sehemu ya katikati hupoa taratibu, hushikamana ikawa mwamba mgumu, nayo ikizidi kupoa husinyaa na kupata nyufa za wima. Baadaye mlima unatema majivu. Majivu yanatulia, miti inaota, udongo unajijenga, halafu lava nyingine inakuja na kuufunika udongo ule, ikauchoma kama tofali kwenye tanuri. Rudia hivyo mara nyingi mno na utapata Kilimanjaro.

Mvua ikinyesha juu ya mlima wa namna hiyo, haina sababu ya kubaki juu. Ukanda wa msitu upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Moshi mjini hupata kama nusu ya hizo au pungufu. Maji hayo hupenya kwenye majivu, huingia kwenye kifusi, hushuka kwenye nyufa za wima, hadi yakutane na kitu kinachoyakatalia: lile tabaka la udongo uliochomwa, au lava iliyoshikamana pasipo nyufa. Hapo hayawezi tena kwenda chini. Yanafuata mteremko wa tabaka lenyewe, ndani kwa ndani, kuelekea chini ya mlima.

Kuna mahali kwenye korongo la Karanga ambapo jambo hili unaweza kulishika kwa mkono. Nilishuka pale na wanafunzi kiangazi kimoja, na mto wenyewe ulikuwa umepungua sana. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ulipita mstari wa ukoga na majani mabichi, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Juu ya mstari, mwamba mkavu. Chini yake, mwamba unaotiririsha maji. Tulipokwangua kwa nyundo tukakuta tabaka jekundu, unene wake kama upana wa kiganja, gumu, linateleza ukiligusa. Huo ulikuwa udongo wa shamba lisilolimwa na mtu yeyote, uliofunikwa na lava kabla binadamu hajafika pale. Maji yalikuwa yakitembea juu yake kama maji juu ya bati, na korongo lilipolikata lile tabaka, yakachungulia nje.

Sasa utaelewa kwa nini vijito vya juu hukauka na chemchemi za chini hazikauki. Kijito cha juu kinategemea mvua iliyonyesha wiki hii. Chemchemi ya chini inategemea maji yaliyozama msituni zamani na kusafiri polepole ndani ya mlima. Njoro pale Moshi, Miwaleni kule Kahe, Chemka karibu na Boma Ng'ombe: zote ziko pale mteremko unapokwisha na tambarare kuanza, kwa sababu hapo matabaka ya lava yanaishia au yanafunikwa na mashapo laini, na maji hayana pengine pa kwenda. Upande wa kaskazini hali ni hiyo hiyo, ila pale mvua ni haba, hivyo mito ya kudumu hakuna. Watu wengi huona mabwawa ya Amboseli, upande wa Kenya, yenye viboko na tembo katikati ya vumbi, wakajiuliza maji yametoka wapi. Yametoka Kilimanjaro, kwa njia ya chini.

Korongo nalo lina kina kwa sababu mlima ni mchanga na matabaka yake hayalingani ugumu. Mto ukishapasua lava ngumu, unakuta majivu laini chini yake, unayachimba haraka, lava inabaki ikining'inia kama ukingo wa paa, kisha inavunjika. Ukisimama Materuni, au Kinukamori pale Marangu, utaona maji yanaanguka kutoka kwenye mwamba mgumu, na nyuma ya maji kumeliwa kwa ndani kama pango. Hivyo ndivyo maporomoko yanavyorudi nyuma, hatua kwa hatua, na kuacha korongo mbele yake. Katika mlima mchanga mito haijapata muda wa kuungana. Kila mmoja unashuka peke yake kutoka katikati kwenda nje, kama mbavu za mwavuli, na kati ya mto na mto unabaki mgongo mrefu wa ardhi.

Kuhusu mgongo huo unajua kuliko mimi, maana umezaliwa juu yake. Weruweru unaitenga Kibosho na Machame, na mtu akivuka korongo moja au mawili lugha inaanza kubadilika. Watu waliishi juu, maji yakapita chini, na kuyateka kwa ndoo kila siku ni kazi ya kuvunja mgongo. Mababu zenu wakabuni mfongo. Walipanda na mto kwenda juu sana, hadi mahali ambapo mto na mgongo vinakaribia kuwa sawa kwa kimo, wakaukinga kwa mawe, matawi na migomba, kisha wakauongoza mfereji kando ya ukuta wa korongo kwa mteremko mdogo mno, mpaka maji yakatokea juu ya mgongo, kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Mimi ninaiona mifongo kuwa elimu kamili ya umbo la mlima, iliyoandikwa kwa jembe. Aliyeipima alijua kwa jicho kile ambacho wapimaji wa leo hukipata kwa mashine.

Matundu kwenye mawe ni mapovu ya gesi. Lava inapotoka ardhini inafuka gesi, na ikiganda kabla mapovu hayajatoka, matundu yanabaki. Ukipata jiwe lisilo na matundu, livunje ulitazame vizuri. Mara nyingi kwenye mito ya kusini utaona ndani ya mwamba mweusi vipande vilivyopauka vyenye umbo la uru kwenye karata, vingine vikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Ni madini ya felspa yaliyoganda mapema, lava ikiwa bado tumboni mwa mlima. Lava ya aina hii ni adimu duniani, na Kibo ni mojawapo ya mahali inapopatikana kwa wingi.

Niongeze jambo moja kuhusu lava, maana wengi husahau kwamba nayo ni kimiminika. Ikitoka, inatafuta bonde, kama maji. Kwa hiyo mito ya Kilimanjaro imefukuzwa kwenye mabonde yake mara nyingi. Ukitaka kuliona jambo hili kwa ukubwa wake, nenda Kenya, ukaitazame Yatta. Yapata miaka milioni 13 iliyopita lava iliteremka kwenye bonde la mto wa kale, ikalijaza kwa urefu wa karibu kilomita 300. Mto ukabanwa pembeni. Kisha mmomonyoko ukala ardhi laini ya pande zote mbili, lakini lava ikakataa kuliwa. Leo kile kilichokuwa kitako cha bonde ni kilima kirefu chembamba, bapa kwa juu, na Mto Athi unapita kando yake, chini. Umbo la mto uliokufa limebaki limeinuliwa hewani, na kila pindo lake bado linaonekana.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, unayatazama meno ya watoto: maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hubeba yale yaliyomo ndani ya miamba. Kuzunguka Mlima Meru, kule Arusha, chemchemi na mito mingi ina floridi nyingi kupita kiasi, ndiyo maana watu waliokulia baadhi ya vijiji vya huko wana meno ya kahawia, na wengine hupata ulemavu wa mifupa. Si uchafu na wala si kutopiga mswaki. Mtoto asichekwe kwa hilo. Chanzo ni mwamba wenyewe.

Sasa twende Mgeta.

Miamba unayoikanyaga kila asubuhi ukienda shule ilipikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Wakati huo mabara ya kale yalikuwa yakigongana na kuungana, na eneo hili lilikuwa kwenye kiungo. Wataalamu wanauita Ukanda wa Msumbiji. Miamba ilizamishwa kilomita 30 hivi chini ya ardhi, kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa. Haikuyeyuka yote, lakini ililainika vya kutosha madini yake kujipanga upya: meupe yakaenda na meupe, meusi na meusi, yakalala kwa mistari. Michirizi unayoiona kwenye mawe ya kijito ni alama ya kule kubanwa. Mwamba huu tunauita naisi. Ndio huo huo wa Taita, Pare, Usambara, Nguru na Udzungwa, yaani milima yote tunayoiita Tao la Mashariki.

Ilipandaje? Bara la kale lilipoanza kumeguka, nyufa kubwa zilifunguka huku kwetu, vipande vya ardhi vikashuka na vingine vikabaki juu. Baadaye sana, Bonde la Ufa lilipoanza kufunguka, nyufa hizo za zamani zikaamka tena. Milima ya Uluguru ni kipande kilichobaki juu. Ndiyo maana ukiwa Morogoro mjini unaiona imesimama ghafla kama ukuta, haina mteremko mrefu wa pole kama wa Kilimanjaro. Kwenye volkano unaanza kupanda bila kujua umeanza. Kwa Uluguru, mguu mmoja uko tambarare na mwingine uko mlimani.

Mwamba wa naisi hauna matundu wala kifusi katikati. Umefungamana. Maji yakiufikia mwamba mzima hayaingii ila kwenye nyufa chache. Lakini mwamba huu umekaa juani na mvuani kwa muda mrefu sana, na sehemu yake ya juu imeoza. Nasema imeoza kwa maana halisi: ukichimba kando ya barabara ya Mgeta utakuta udongo mwekundu, chini yake kitu kinachoonekana kama mwamba, kina michirizi yote, lakini ukikigusa kwa jembe kinamomonyoka kama keki. Kina chake kinaweza kufika mita nyingi. Hilo ndilo tangi la maji la Uluguru. Mvua inazama ndani yake, inafika kwenye mwamba mzima, inakataliwa, inatoka pembeni. Na kwa kuwa tangi hili limeifunika milima yote kama shuka, maji yanachomoza kila mahali shuka linapokunjwa. Hivyo vijito vyako vya kila kona.

Tofauti kati ya matangi haya mawili ni kubwa kwa wanaoishi juu yake. Tangi la Kilimanjaro liko ndani, limefunikwa, na linatoa maji mbali na pale lilipojazwa. La Uluguru liko juu, pale pale jembe linapofika. Ukiharibu ngozi ya mlima Uluguru, umeharibu tangi lenyewe. Mwezi Februari 1970 mvua ya kama milimita 100 ilinyesha Mgeta ndani ya saa tatu hivi, na ardhi ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Waliochunguza baadaye walikuta maporomoko karibu yote yametokea kwenye mashamba na ardhi iliyopumzishwa, na machache mno kwenye msitu. Mpaka wa kuteleza ulikuwa pale pale nilipokueleza, kati ya udongo na mwamba, maji yalipojaa kuliko yalivyoweza kutoka. Mizizi ya miti mikubwa inaupita mpaka huo na kuushona.

Vilevile udongo mzuri wa Uluguru ni ule wa juu tu. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi miaka ya 1950, jembe lilileta juu udongo wa chini, mwekundu, usio na chakula cha mmea. Mazao yalikuwa duni, kazi ilikuwa ya sulubu, na mwaka 1955 watu wakasimama kuukataa mradi. Kulikuwa na siasa ndani yake, ndiyo, lakini mkulima alikuwa pia anasema ukweli kuhusu ardhi yake.

Mawe ya mviringo sasa, maana yanadanganya watu wengi. Mtu akiona jiwe kubwa kama kibanda limekaa katikati ya kijito, mviringo kabisa, husema mto umeliviringisha kutoka juu. Mengi hayakuviringishwa. Yalizaliwa mviringo humo humo ardhini. Mwamba wa naisi una nyufa zinazokatana, zikiugawa kama mche wa sabuni uliokatwa vipande. Maji ya udongoni, yenye asidi kidogo ya majani yaliyooza, huingia kwenye nyufa na kula kutoka pande zote. Kona ya kipande inaliwa kutoka pande tatu kwa mpigo, ubapa unaliwa kutoka upande mmoja. Ni kama sabuni inayotumika: kona huisha kwanza. Mwisho kinabaki kiini cha duara kimezungukwa na udongo. Mto unafika, unaosha udongo, kiini kinabaki mahali pake, na mto mdogo unalazimika kukizunguka kwa sababu hauna nguvu ya kukisogeza hata ukifurika. Ndiyo maana vijito vya Uluguru hushuka kwa ngazi: bwawa dogo, jiwe, bwawa, jiwe. Kwenye korongo la Kibosho ngazi zinatokana na matabaka. Mgeta zinatokana na mawe yaliyokataa kuoza.

Na mto wa Uluguru haushuki kwa utaratibu wa mbavu za mwavuli. Unafuata nyufa na mistari ya mwamba. Utauona unakwenda moja kwa moja, ghafla unakata kona kama ya ukuta wa nyumba, unakwenda tena moja kwa moja. Kona hiyo ni ufa mmoja unapokutana na mwingine. Juu kabisa, kwenye uwanda wa Lukwangule, maji yanatembea kivivu kwenye nyasi na matope, kana kwamba hayajui yako mlimani. Huo ni uso wa ardhi wa zamani, uliosawazishwa na mmomonyoko kisha ukapandishwa ukiwa mzima. Mto ukifika ukingoni mwake ndipo unapogundua mita zote zilizo chini yake. Maporomoko ya Hululu, kwa jirani zako wa Bunduki, ni mto ulioanguka kutoka hatua moja ya kipande kilichoinuliwa.

Hatua kama hizo zinaweza kudumu muda mrefu kupita fikra, kwa sababu naisi hailiki upesi. Mfano unaonigusa zaidi ni Kihansi, kule Udzungwa. Mto unatoka kwenye uwanda na kushuka zaidi ya mita 800 kwenye ukingo wa ufa, kuelekea Bonde la Kilombero. Kwa kuwa maporomoko hayakuhama, mvuke wa maji yake uliendelea kunyeshea kando ya korongo mchana na usiku, mwaka hadi mwaka, na kwenye majani yale yaliyoloa akaishi chura mdogo wa manjano, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, ambaye hakupatikana popote pengine duniani. Sayansi ilimgundua mwaka 1996. Mteremko ule ule uliomtunza ndio ulioleta kituo cha umeme cha megawati 180. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, mvuke ukapungua. Mabomba ya kunyunyiza yaliwekwa, lakini chura alipotea, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa wachache waliopelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani ndio walioanza kurudishwa mwaka 2012. Nimesimama pale chini ya zile bomba. Unasikia sauti ya maji madogo mahali palipochongwa na maji makubwa.

Sasa theluji. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Inaumiza kuitazama, na najua kwa mtu wa Kibosho ni kama kumwona mzee wa nyumbani akikonda. Lakini mito yenu haitegemei barafu hiyo. Kwanza ni ndogo mno. Pili, kule juu hewa ni kavu na jua ni kali, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Kiasi kinachofika mtoni hakitoshi kuitwa chanzo. Maji ya Karanga, Weruweru, Kikafu na chemchemi za chini karibu yote yanatoka kwenye ukanda wa msitu, kwa mvua na kwa ukungu ambao miti inaukamata kwa majani na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, theluji ikiisha mito haitakauka kwa sababu hiyo. Msitu ukiisha, hasa ule wa juu unaoliwa na moto kila kiangazi kikali, hapo jibu linabadilika. Na kwa kuwa maji husafiri polepole ndani ya mlima, hasara ya leo haitaonekana Miwaleni kesho. Itachelewa, na itakapoonekana itachelewa pia kuondoka. Mtu akikuambia chemchemi bado ziko sawa kwa hiyo hakuna neno, mweleze hilo.

Mito yako miwili ina undugu hata hivyo. Maji ya Kilimanjaro hukusanyika kwenye Kikuletwa na kwenye Ruvu itokayo Ziwa Jipe, hukutana Nyumba ya Mungu, na kuwa Mto Pangani. Mto huo uliozaliwa na volkano unapita chini ya Pare na Usambara, na kufika Hale unaanguka kwenye mwamba wa kizee, naisi ile ile ya Mgeta, ndipo mitambo ya umeme ilipojengwa. Mgeta nao unazunguka milima na kuingia kwenye Ruvu nyingine, ile ambayo maji yake yananywewa Dar es Salaam. Ruvu mbili, jina moja, milima miwili isiyojuana.

Kwa darasa lako nina pendekezo. Chota kiganja cha mchanga kwenye kijito kilicho karibu na shule, ukaushe. Desemba ukipanda kwenda Kibosho kwa Krismasi, shuka mtoni uchote kingine. Rudi navyo, uvimwage kwenye sahani mbili nyeupe, na uwape watoto sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Kwenye sahani ya Kibosho punje karibu zote zitakuwa nyeusi au kijivu, na nyingi zitarukia sumaku, maana zina madini ya chuma yaliyotoka kwenye lava. Kwenye sahani ya Mgeta nyingi zitakuwa nyeupe, za kwatsi na felspa, na kati yake vipande bapa vinavyometa kama magamba ya samaki. Huo ndio ulanga, ambao zamani ulichimbwa kwenye milima hiyo hiyo. Wakitafuta kwa subira wanaweza kupata na punje nyekundu kama damu ya mzee, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Hiyo ni ganeti. Waambie waishike juu ya kidole, kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu ilitengenezwa kilomita 30 chini ya miguu yao.